Mwenye Kumuuguza Askari Aliyejeruhiwa: Haki Yake ni juu ya Nani?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Ndugu zetu wa pwani, katika karatasi hizi tumezoea kusema juu ya sala na zaka, juu ya mirathi, na juu ya ada mbovu za arusi na matanga. Leo nataka kuleta mas'ala ambayo mimi sijapata kuyasikia yakisemwa juu ya mimbari, nayo ni mas'ala ya mtu anayemuuguza askari aliyerudi vitani hali amekatika kiungo, au amevunjika uti wa mgongo, au amerudi mzima wa mwili lakini akili yake imebaki kule kule. Askari mwenyewe twamjua, na pengine twamhurumia. Mimi nauliza juu ya yule aliye nyuma ya pazia: mkewe, au mamake, au bintiye. Jee, kazi aifanyayo ni wajibu wake yeye peke yake? Na sisi wanaume tupitao mlangoni pake mara tano kwa siku tukienda msikitini, tuna nini juu yetu?

Lililonitia kushika kalamu ni jambo hili. Mtaani kwetu yuko kijana aliyekuwa katika jeshi la Kenya lililoingia Somalia mwezi wa Oktoba mwaka 2011. Alijeruhiwa huko, na tangu siku hiyo, kutoka kiunoni kwenda chini hana hisia. Kila Idi, sisi wazee wa msikiti pamoja na vijana wawili watatu huenda kumpa mkono. Huketi barazani kwake, naye huletwa juu ya kiti chake cha magurudumu, tukanywa kahawa, tukala haluwa, nikaomba dua. Kisha, tunapovaa viatu, huelekeza uso wangu kwenye pazia nikasema kwa sauti: "Mwanangu, Mungu akuzidishie subira." Naye hujibu: "Amin, Maalim." Hivi tumefanya miaka kadha wa kadha, na kila mara nimerudi nyumbani nikijiona nimetimiza haki ya jirani.

Idi ya mwaka uliopita hakujibu amin. Alisema: "Maalim, subira mushanipa ya kutosha. Nilichopungukiwa ni mtu wa kunishikia bega lake la pili, nipate kumgeuza."

Mmoja katika wenzangu alikohoa, tukaaga, tukatoka. Njiani hakuna aliyesema neno. Mimi, sioni haya kuungama, hata sikujua maana ya kumgeuza. Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama watoto, naye akanitazama kama mtu anayeulizwa jua huchomoza upande gani. Akanieleza kwamba mtu asiyekuwa na hisia hajui kuwa amelala mno upande mmoja; nyama yake hukosa damu, ikafa, ikawa kidonda, na kidonda hicho huingia ndani hata kikafika mfupa, na wengi wamekufa kwacho. Kwa hiyo matabibu huagiza ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili, usiku na mchana. Mama yule ni mwembamba, na mumewe ni mtu mwenye mwili. Humgeuza peke yake, humwosha, humtia na kumtoa mpira wa mkojo, humsaidia kwenda haja kwa namna ambayo adabu yanizuia kuiandika, humpikia, humpeleka hospitali, kisha mgongo wake mwenyewe wamwuma hata hawezi kuinama kusujudu vizuri. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, ameacha. Binti yake mkubwa hukosa chuo na shule siku mama asipoweza kuinuka. Na hayo yote wanawake wa mtaa walikuwa wakiyajua, na kwa zamu walikuwa wakimwendea mchana. Waliokuwa hawayajui ni sisi.

Kisha kuna usiku. Kijana huyu huamka akipiga kelele, akiwaita watu waliokwisha kufa. Watu wa mtaani walisema ana pepo, na mganga mmoja akachukua fedha za mama yule mara mbili akapunga, na usiku wa tatu kelele zikarudi. Mimi sikanushi kuwako kwa majini, kwani Kurani imewataja. Lakini si kila mwenye kupiga kelele usiku ameingiwa na jini. Matabibu waliyaona maradhi haya katika vita vya 1914 hata 1918 kwa maelfu ya askari wa Ulaya, na leo yajulikana vema, yana jina lake na yana tiba yake. Mwenye kuyauguza maradhi haya hulala jicho moja wazi. Sitarefusha hapa, illa nasema kwamba fedha za mgonjwa ni haramu kwa mwenye kumdanganya.

Sasa turudi kwenye swali. Jawabu ya kwanza niliyopewa barazani, nilipowasimulia wenzangu, ilikuwa fupi: "Si mkewe? Ni wajibu wake." Na aliyesema hivi ni mtu mwema, hasemi kwa ubaya. Lakini jee, ni kweli? Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu haya, kazi ya kumtumikia mume haimo katika yale yanayomlazimu mke kwa aqdi ya ndoa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaji, kitabu kinachosomeshwa na wanavyuoni wetu, ametaja kinyume cha tunavyodhani: kwamba ni mume ndiye anayelazimika kumwekea mtumishi mke ambaye kwao hakuzoea kujitumikia, na kwamba hata yule aliyezoea kujitumikia, akiugua akahitaji mtu, yampasa mume amtafutie. Wako wanavyuoni wa madhehebu mengine waliosema kwamba kumtumikia mume ni juu ya mke kwa kadiri ya ada ya watu, na hoja zao si za kupuuzwa. Lakini hata hao wamesema kwa kadiri ya ada. Nani amepata kusema kwamba ni ada mwanamke mmoja kufanya kazi ya watu watatu kwa miaka kumi pasipo kulala?

Basi tufahamu vizuri. Ayafanyayo mama yule si deni analolilipa. Ni ihsani anayoitoa. Na zaidi ya hayo, sharia imemfungulia mlango: mume asiyeweza kumlisha mkewe, mke ana haki ya kwenda kwa kadhi akataka faskhi. Mlango huo uko wazi, naye hakuupitia. Amebaki kwa hiari yake na kwa mapenzi yake. Ikiwa mtu atoa ihsani, nasi tukaiita wajibu, tumemdhulumu mara mbili: tumemnyima shukrani, na tumejiondolea sisi wenyewe mzigo uliokuwa wetu.

Kwamba mzigo ni wetu, ushahidi wake ni mwingi katika sira, nami nashangaa nilivyousoma mara nyingi na nisiuone. Mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) hakutoka naye. Hakubaki kwa woga wala kwa kuchelea mali yake. Mkewe Bibi Rukia, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa, na ni Mtume mwenyewe aliyemwambia abaki amuuguze. Bibi Rukia akafariki siku zile zile. Na ngawira za Badr zilipogawanywa, Mtume alimtolea Uthman fungu kama fungu la mtu aliyehudhuria, na akambashiria thawabu za mtu aliyehudhuria. Haya ni maarufu, yamo katika Sahihi ya Bukhari.

Tazameni, ndugu zangu, mambo yaliyomo ndani yake. Aliyeuguza ni mwanamume, na tena mtu wa heshima na mali, na aliyeuguzwa ni mkewe. Wala hakuna aliyemwambia kuwa kazi hiyo ni ya wanawake. Kisha, kuuguza kwake kulihesabiwa kuwa ni sehemu ya vita wenyewe, si jambo la pembeni. Na la tatu, ambalo ndilo khasa ninalolitaka: hakupewa thawabu tu akaambiwa asubiri akhera. Alipewa fungu lake hapa duniani, mkononi, kutoka katika mali iliyopatikana. Mtu akisema kwamba tukimlipa mwenye kuuguza tutamharibia ikhlasi yake na kumpunguzia ujira wake mbele ya Mungu, na amuulize Uthman ni kipi kilichompungukia.

Na mwaka wa tano, katika vita vya Khandaki, Saad bin Muadh alipigwa mshale mkononi. Mtume alimpigia hema ndani ya msikiti wake ili awe karibu naye, apate kumzuru. Na katika sira imetajwa hema ya Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Yaani majeruhi aliwekwa pale pale watu wasalipo, wakamwona kila sala, na mwenye kumuuguza akaonekana pamoja naye. Sisi majeruhi wetu yuko nyuma ya milango mitatu, twamwona mara mbili kwa mwaka, siku za Idi.

Hapa nimesikia neno jingine, nalo ni zito zaidi, na sitaki kulikwepa. Wengine husema: "Huyo hakwenda kupigania dini. Alikuwa askari wa serikali, alikula mshahara wa serikali, na aliokwenda kupigana nao ni Waislamu wenzake. Serikali iliyompeleka na imuuguze." Ndugu zangu, vita vile vimetugawanya sisi watu wa pwani, na kila mtu ana lake moyoni, wala karatasi hii si mahali pa kuhukumu. Lakini hata ukishika upande ulio mkali kabisa, hoja yako yamfikia kijana tu, haimfikii mkewe. Yeye hakutia mkono wake katika karatasi yoyote ya jeshi. Hakupewa bunduki wala mshahara. Wala hakuna aliyemuuliza shauri. Aliandikwa katika vita hivyo siku mumewe aliporudishwa juu ya machela, na muda wake wa kutumika haukuandikwa mwisho. Na kijana mwenyewe, alipoangushwa, aligeuka kuwa jirani mgonjwa, na haki ya jirani mgonjwa haina sharti ya kukubaliana naye.

Walakini ni kweli kwamba serikali iliyompeleka mtu vitani ndiyo ya kwanza kudaiwa, na hili lina asili katika mwenendo wa wema waliotangulia. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar (r.a.), zama za ukhalifa wake, alikuwa akipita sokoni, akaja mwanamke kijana akamsimamisha. Akamwambia kwamba mumewe amekufa, amemwachia watoto wadogo wasio na mbuzi wala shamba, naye achelea njaa isiwamalize. Na kwamba yeye ni binti wa Khufaf bin Ima wa Ghifari, ambaye alikuwa pamoja na Mtume huko Hudaibiya. Umar akasimama, hakupita. Akaenda kwake, akatoa ngamia mwenye nguvu, akamtwika magunia mawili ya chakula, na katikati yake akaweka fedha na nguo, kisha akampa kamba mkononi, akamwambia amwongoze, kwani kabla hivyo havijaisha Mungu atamletea kheri. Mtu mmoja akanung'unika kuwa Amiri wa Waumini amempa kingi mno. Umar akamkemea, akasema kwamba yeye alimwona baba wa mwanamke huyu na nduguye wakiizingira ngome kwa muda mrefu hata wakaifungua, nasi leo twagawana mafungu yaliyotoka humo.

Jawabu hiyo ndiyo msingi wa mas'ala yetu. Umar hakusema, "Mwanamke huyu ni maskini, tumhurumie." Alisema: sisi twala matunda ya jasho la jamaa zake. Aliliona deni, na mdai ni jamaa ya mpiganaji. Na katika tarikhi ya Tabari imo khabari kwamba Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala tangu mwaka 705 hata 715 wa Kizungu, alimpa kila kiwete mtumishi wa kumtumikia, na kila kipofu mtu wa kumwongoza, kwa mali ya dola. Fahamuni kwamba hakumpa kiwete fedha tu akamwachia mamake kazi ya kumbeba.

Sasa wasiokuwa Waislamu wametutangulia katika jambo lililokuwa letu. Nchi ya Marekani, ambayo vita vyake ni vingi na majeruhi wake ni wengi, ilitunga sheria tarehe 5 Mei 2010 ambayo yamtazama huyu mwenye kuuguza yeye mwenyewe, mbali na askari. Kwa sheria hiyo, mke au mzazi au mtoto au jamaa mwingine anayemtunza nyumbani askari aliyejeruhiwa vibaya hufunzwa kazi, na kila mwezi hupewa fedha, ambazo hukisiwa kwa kutazama mshahara wa karani wa daraja ya chini katika serikali yao mahali alipo. Asiye na bima ya matibabu hupewa. Na kwa mwaka ana haki ya kupumzika siku zisizopungua 30, mtu mwingine akashika mahali pake. Watu wa elimu wa shirika la RAND walifanya hisabu mwaka 2014, wakakuta wenye kuwauguza askari na askari wa zamani katika nchi ile ni kiasi cha milioni 5 na nusu, na katika hao milioni 1 na laki 1 huwauguza walioingia vitani baada ya mwaka 2001.

Sisemi haya ili tuwasujudie. Sheria yao hapo mwanzo iliwachagua walioumia tangu tarehe 11 Septemba 2001, na bibi mzee aliyemuuguza mumewe tangu vita vya Vietnam akaambiwa kuwa vita vyake havimo. Ilibidi sheria nyingine ya mwaka 2018, na hata hivyo mlango haukufunguliwa kwa askari wa vita vyote ila tarehe 1 Oktoba 2022. Wangapi walikuwa wamekwisha kufa wakingoja? Lakini hata hivyo, wao wamelijibu swali ambalo sisi hatujaliuliza.

Kwetu, jamaa hawa hawajapata hata kuhesabiwa vinywani mwetu. Jina la Kariakoo, ambalo leo kila mtu alijua kuwa ni soko la Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wachukuzi wa vita vya 1914, watu waliobeba risasi na chakula vichwani mwao wakafa kwa maradhi na njaa kwa maelfu mengi. Katika mji ule ule iko sanamu ya askari ya mwaka 1927, na maandishi yake yawataja waliopigana, na waliobeba mizigo, na waliokufa. Wale waliorudi nusu, wakakaa vitandani miaka 20, wakioshwa na mama zao, hao hawana sanamu wala soko. Vivyo hivyo wazee waliorudi kutoka Burma baada ya 1945. Na katika zama zetu, kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, kila mtu barazani alibishana juu ya idadi ya waliokufa. Askari 15 wa Tanzania walipouawa karibu na Semuliki katika Kongo tarehe 7 Desemba 2017, tuliwasomea dua, na ilikuwa vema. Waliojeruhiwa usiku ule walipita 40. Hao walirudi kwa nani? Nani aliyewapokea mlangoni, na analala saa ngapi?

Kenya ilitunga sheria ya askari wa zamani mwaka 2022. Mwenye jamaa wa namna hii na amwendee mtu ajuaye sheria amsomee, asingoje kuitwa. Lakini tusijifiche nyuma ya serikali. Yeye anadaiwa lake, nasi tunadaiwa letu.

Na letu ni lipi? Hapa ndipo ninapoona tumeteleza sote, mimi wa kwanza, kwa kutofahamu neno moja. Wanavyuoni wetu wamehesabu katika fardhi za kifaya kuwaondolea Waislamu madhara yao, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, pindi zaka na baitulmali zisipotosha. Na sote twajua tangu chuoni kwamba fardhi ya kifaya, wakiitimiza baadhi ya watu, huwaondokea wengine. Basi moyoni tumejisemea: mama yule ameishika, imetuondokea. Lakini kifaya maana yake ni kutosheleza. Haiondoki kwa kuwa mtu mmoja ameianza. Huondoka kwa kuwa haja imetoshelezwa. Maiti akifa kijijini, akatokea mtu mmoja akamshika miguu, naye hawezi kumwinua peke yake, jee, waliosimama kutazama wamesalimika? Hata mtoto wa chuo atajibu kwamba wote wana dhambi isipokuwa yule aliyeshika miguu.

Na ajabu ni kwamba kwa maiti sisi ni hodari. Tazameni jeneza likitoka msikitini hapa kwetu: watu husukumana, kila mmoja ataka kulishika hatua chache apate thawabu zake, hata jeneza huenda mbio kama jahazi penye upepo. Mabega 100 kwa mtu mmoja aliyekwisha kufa, ambaye haumwi tena. Na yule aliye hai, mwenye nyama inayooza asipogeuzwa, hapati bega la pili.

Nimeulizwa: Mwanamume ataingiaje nyumbani kwa mwenziwe, na mkewe yumo? Swali hili lina haki ya kuulizwa, na jawabu yake ni nyepesi kuliko tunavyojifanya. Mgonjwa ni mwanamume. Kumgeuza, kumnyoa, kumwinua kumtia katika kiti, kumpeleka Ijumaa, kukaa naye usiku anapopiga kelele, hayo yote ni kazi ya wanaume kwa mwanamume, na yatufaa sisi zaidi kuliko binti yake anayekua. Uchi wake hufunikwa kwa nguo, kama tufanyavyo tunapoosha maiti, kazi ambayo hatuionei haya. Mama ataingia chumba chake alale, na mlango ufungwe. Hofu ya faragha haiko hapo. Iko katika udhuru tunaoutafuta.

Ama mali: zaka ya mtaa ikikusanywa, mafakiri na maskini ndio wa kwanza kutajwa, na mtu aliyeacha biashara yake kwa ajili ya kuuguza, akawa hana, ni katika hao. Apewe kwa jina hilo, mlangoni pake, pasipo kusimamishwa katika safu. Na wenye uwezo wafikiri juu ya wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu minazi na nyumba na maduka kwa ajili ya misikiti na visima na kusomewa khitima baada ya kufa kwao. Ni kodi ya duka ngapi ingemlipa kijana mwenye nguvu ashike kazi hii asubuhi na jioni katika nyumba mbili tatu za mtaa? Mimi sioni kwamba ni nyingi. Duka moja la Biashara Street lingetosha, na mwenye kuliweka wakfu angepata thawabu kila mtu yule anapogeuzwa, yaani mara 12 kwa siku.

Hatujapata duka bado. Tulichofanya ni kidogo. Tulikwenda kwa kijana yule, tukamwomba ruhusa yeye kwanza, kwani mwili ni wake na nyumba ni yake. Akanyamaza kitambo, akasema ataona haya. Tukamwambia nasi twaona haya, tena ya miaka mingi. Akacheka, akakubali. Muuguzi mmoja mtaani, kijana aliyesomea kazi hiyo, akatufunza watu wanne namna ya kushika shuka, na namna ya kuweka mto kati ya magoti, na mahali pa kutazama kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Siku ya kwanza tulimgeuza vibaya, akapiga yowe la kututisha, kumbe ni mzaha, kwani pale tulipomshika hana hisia. Zamu yangu ni usiku wa Jumatatu, baada ya Isha hata alfajiri. Mimi ni mtu mzima, na saa nane ya usiku magoti yangu hulalamika.

Usiku wa kwanza tuliokaa watu wawili, mama yule aliingia chumbani mwake baada ya kusali Isha akafunga mlango. Adhana ya alfajiri ikalia, hatukusikia mlango kufunguka. Ikakimiwa. Mwenzangu akasema tumgongee, sala isimpite. Kijana akainua mkono kutuzuia, akasema: "Mwacheni, Maalim. Mwenye kulala kalamu imeinuliwa juu yake hata aamke."